Kikaango cha Hadija Kilivyofika Kawe

Nyie vijana mnaonisimamisha bombani, na nyie mnaorudi likizo mkaanza kuniuliza mmoja mmoja, "Bibi, eti Dar ulikula chakula cha Kimeksiko?", haya, someni hapa mara moja, kisha mniache niteke maji yangu. Habari za tiketi na nauli msizitafute humu. Hayo alihangaika nayo mwanangu Shabani. Mie naandika niliyoyaona, niliyoyala, na yale niliyokataa kula, maana najua hayo ndiyo mnayoyataka.

Kwa asiyeijua nyumba yetu, nianze hivi. Binti yangu Hadija alifariki akiwa bado kijana, akaacha mtoto wa kike wa kunyonya, ndiye Zuhura. Nikamchukua. Nikamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi. Alipoanza kusema, neno lake la kwanza akaniita mama. Sikumsahihisha. Wala mtu hakunisahihisha mie.

Sasa Zuhura ni mtu mzima. Yuko Tegeta, anashona sare za shule, na amepata kijana wa Temeke anayetaka kumwoa. Wajomba zake wakakaa kikao wakasema posa haitapokewa mpaka mie nimwone huyo kijana kwa macho yangu. Nikisema ndiyo, ni ndiyo. Nikisema hapana, basi imekwisha. Kwa hiyo asije mtu akasema nilikwenda Dar kutembea. Nilikwenda na neno la mtoto mdomoni.

Handeni mpaka Mkata

Asubuhi ile nilikuwa na mfuko wa unga wa mahindi, kuku mmoja niliyekwisha mchinja na kumkaanga, na kikaango cha udongo nilichokifunga kwa kanga mbili. Kikaango hicho kilikuwa cha Hadija. Alikinunua mwenyewe kwa wafinyanzi kwa ujira wa kulimia watu, bado msichana hajavunja ungo. Akawa anatuokea mikate ya mahindi asubuhi kabla ya shamba. Pembeni kina pengo, alikigonga kwenye kinu siku anakimbizana na kaka yake. Nilikuwa nakipeleka kwa Zuhura. Msichana akienda kuanza jiko lake haendi mikono mitupu.

Konda akanizuia mlangoni.

"Mama, mzigo huo uingie chini kwenye buti."

"Chini utaingia wewe."

"Kuna nini humo?"

"Kikaango."

Abiria wakacheka. Konda naye akacheka. "Kikaango? Mama yangu, Dar viko vya kumwaga! Siku hizi viko hata visivyonata."

Nikamwambia, "Vibaki huko huko na kutonata kwao," nikapanda, nikakaa na kikaango changu mapajani.

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye kiroba cha machungwa, anakwenda kuuza Bunju. Mtu wa maneno kweli. Kabla hatujafika Mkata nilikuwa najua magonjwa yote ya mumewe. Akaniuliza, "Unakwenda kwa mjukuu, bibi?"

Nikasema, "Kwa binti yangu."

Akatazama mvi zangu zilizochungulia kwenye ushungi. "Kitindamimba?"

"Ndiyo."

Akanimenyea chungwa, akanyamaza. Alikuwa na adabu yule mama, pamoja na mdomo wake.

Msata, tulipokwama

Tulipofika Msata gari likatoa harufu ya kuungua, likasimama. Mkanda wa feni umekatika. Dereva akasema, "Dakika tano tu." Nyie nyote mnazijua dakika tano za dereva. Jua lilitukuta upande mmoja wa paa likatuacha upande wa pili.

Tukaenda kujibanza kwenye banda la mama lishe. Watu wakaagiza wali, wengine mihogo ya kuchoma. Mie nikaagiza chai ya rangi, nikamtoa kuku wangu, nikamkatia na mama wa machungwa. Kulikuwa na mzee mwenye jogoo aliyefungwa miguu, anampelekea mtu Bagamoyo, na yule jogoo akawa anawika kila dereva akipita. Mzee akasema, "Hata huyu amechoka na uongo."

Mama lishe akawa ananitazama, ananitazama. Mwisho akaja na ukali:

"Mama, samahani. Huyo mtoto mbona humfunui? Jua lote hili! Mpe hewa!"

Watu wote wakageuka. Nikatazama mapajani. Kweli, kikaango kilikuwa kimezungushiwa kanga, nimekikumbatia kwa mkono wa kushoto, na nadhani hata nilikuwa nakitikisatikisa bila kujijua.

Nikafunua. Banda zima likalipuka kwa kicheko. Yule mzee wa jogoo alicheka mpaka akakohoa. Mama lishe akaona haya, akaniongezea chai.

Mie sikucheka. Barabara ile ile, enzi hizo bado vumbi tupu, nilipita nikiwa na Zuhura kwenye kanga, nimemkumbatia kwa mkono huo huo wa kushoto, natoka kumzika mama yake. Alikuwa mwepesi kuliko hicho kikaango. Na siku hiyo pia mtu aliniambia nimpe hewa mtoto. Sikumbuki alikuwa nani. Sura yake imenitoka, sauti yake ninayo.

Mkanda ulipopatikana tukaondoka. Msata naisifia mihogo yake tu.

Tegeta

Nyie mnaoisikia Tegeta mnadhani ilizaliwa na magorofa. Hadija alipokuwa anakaa huko, ilikuwa mihogo, mikorosho na mawe. Alikuwa anagonga kokoto. Wanawake walikaa kwenye miamvuli ya makuti, kila mmoja na nyundo yake na lundo lake, mtoto amelazwa kwenye boksi pembeni, na malori yakaja kuchukua. Nilikwenda kumtembelea mara moja. Mikono yake ilikuwa migumu kama ya mwanamume, lakini jioni alinipeleka kula chipsi mayai kwenye kibanda cha barabarani, maana ndiyo kwanza nilikuwa nazisikia. Akawa hali, ananitazama mie tu. "Kula, mama. Hizi ni kokoto nilizozigonga mwenyewe." Nikala. Mpaka leo nikinusa mafuta ya chipsi naisikia sauti yake.

Nilimwomba Zuhura anipitishe pale kibanda kilipokuwa. Aliponipokea kituoni alikuwa amechoka kunisubiri, maana foleni ya Bunju nayo ilitukalisha, lakini alikubali. Tukatafuta. Kuna geti jeusi sasa, na ukuta wenye vigae, na duka la simu. Nikasimama. Mlinzi akatoka, "Shikamoo bibi, unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Aliyehama," tukaenda zetu.

Chumba cha Zuhura ni kidogo, kisafi. Nilipitisha kidole kwenye dirisha, hakikupata vumbi. Tulipokwisha kula akaanza kuzungukazunguka maneno.

"Mama, kesho Jumamosi tutakwenda Kawe. Idrisa anataka ukale kazini kwake. Kuna mgahawa wa Kimeksiko, sio wa matajiri, hata bodaboda wanakula pale."

"Wameksiko ndiyo watu gani?"

"Watu wa mbali sana, mama. Wanakula mahindi na maharage kama sisi."

"Basi hawako mbali. Na huyo Idrisa atakuwepo?"

"Ndiye mpishi, mama! Chakula chote atapika yeye. Bibi yake aliyemlea naye atakuja kutoka Temeke."

Nikafumba macho. Zuhura akadhani nimelala.

Hapa niwaeleze nyie ambao siku hizi mnakula mezani na wakwe zenu mnagombania paja la kuku. Kwetu, mama hali mbele ya mkwewe. Hamtazami usoni, hamtajii jina, akiwa na neno anampitishia mtu mwingine. Kinywa cha mama mkwe hakionekani kikitafuna. Ni heshima, tena kubwa. Mama mkwe anayekula mbele ya mkwewe anamwambia, wewe kwangu si kitu. Asiyekula ndiye aliyekupokea.

Lakini bibi ni kinyume chake. Bibi wa bibi harusi ni mtani wa bwana harusi. Anamwita mume wangu, anamtukana, anamzuia mlangoni, anakula naye sahani moja na kumwibia mnofu. Hayo kwetu kila mtu anayajua.

Mie nikajiambia, mie ni mama wa Zuhura. Nitakwenda, nitajitanda, nitamtazama kwa pembeni, chakula sitakigusa. Kama kijana amelelewa, ataelewa kwamba amekubaliwa. Zuhura sikumweleza kitu. Niliona nimemlea mwenyewe, anajua.

Kawe, penye kofia kubwa

Tulikwenda na bajaji. Kikaango nikakibeba, maana Zuhura aliniambia mlango wa chumba chake kitasa kinasumbua. Foleni ya Barabara ya Bagamoyo Jumamosi ni kama msiba wa mtu mkubwa, hakuna anayesogea na kila mtu ana la kusema. Kijana wa bajaji akapita kando kando ya mtaro nikamwambia, "Ukinitumbukiza humo nitatoka na wewe." Akapunguza mwendo.

Mgahawa wenyewe ni banda pana la mabati, viti vya plastiki, na ukutani wamechora kofia kubwa kama ungo wa kupepetea. Nikauliza kama huko kwao jua ni kali hivyo. Zuhura akasema hajui.

Lakini nilipoingia tu, nikasimama. Palikuwa na harufu. Nyie, ilikuwa harufu ya mahindi juu ya kikaango cha moto! Si ugali, si mahindi ya kuchoma. Ile ya unga uliokandwa ukaguswa na moto mkavu. Jiko langu la zamani lilinijia lote: moshi, na Hadija amechuchumaa, anageuza mkate kwa ncha za vidole, anajipuliza vidole, anageuza tena.

"Mama, vipi?" Zuhura akaniuliza.

"Nitafutie kiti."

Bi Kidawa, bibi yake Idrisa, alikuwa amekwisha fika. Mwanamke mnene, baibui limepauka mabegani, macho ya kucheka. Tukaamkiana, tukaulizana habari za mvua. Nikampenda.

Kisha kijana akatoka jikoni. Mrefu, amevaa kofia nyeupe, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Akaja moja kwa moja, akapiga goti, akapaza sauti:

"Shikamoo, mke wangu mkubwa! Nasikia umekuja na kikaango. Umehamia kabisa?"

Bi Kidawa akapiga makofi. Watu wa meza ya jirani wakacheka. Mie nikavuta ushungi mpaka kwenye nyusi, nikageuza kiti kikatazama ile kofia ukutani. Nikamwambia Zuhura, "Mwambie marahaba."

Kijana akainuka, akarudi jikoni.

Akaleta chakula. Nitawaeleza chakula kilivyo. Ni vichapati vyembamba vya mahindi, kama kiganja, vimekunjwa katikati. Ndani nyama ya ng'ombe iliyopikwa mpaka ikachambuka, maharage yaliyopondwa, parachichi limepondwa na ndimu, na juu kachumbari, hii hii yetu ya nyanya na kitunguu, imetiwa kotimiri na pilipili. Mtu anakishika kwa mkono, anainamisha kichwa pembeni, anafungua kinywa chote, na mchuzi unamshuka mpaka kwenye kiwiko. Nikasema moyoni, katika vyakula vyote vya dunia, mama mkwe ameletewa hiki.

Sikugusa.

Idrisa akatoka tena. "Bibi, labda pilipili? Nimekuletea kisicho na pilipili." Nikatazama ukuta.

Akarudi tena, sauti imeshuka. "Bibi, nyama isikutie shaka. Mchinjaji ni Mwislamu, namjua, tunaswali naye msikiti mmoja."

Nikamwambia Zuhura, "Mwambie nimesikia."

Akaondoka. Safari hii hakurudi. Nilimtazama mgongo kwa pembe ya jicho. Mabega yalikuwa yamemshuka kama mtu aliyetoka makaburini. Mie nikadhani ni adabu. Nikasema, naam, huyu amelelewa.

Zuhura akamfuata jikoni. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasimama mbele yangu, mtoto ambaye hajawahi kunipandishia sauti.

"Mama, ungeniambia mapema kuliko kumfanyia vile mbele ya watu. Anasema ameelewa. Atawaambia kwao posa wasilete."

"Ameelewa nini?"

"Kwamba umemkataa! Ameamka alfajiri kukupikia, hukumjibu hata salamu!"

Bi Kidawa naye akaacha kutafuna. Akaweka kichapati chini, akafuta mikono polepole. "Mwenzangu, mie ni mtu wa Temeke, sisemi kwa mafumbo. Mjukuu wangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro," nikasema. "Ndiyo maana sijala."

Wakatazamana. Ikabidi nieleze yale niliyowaeleza nyie hapo juu, kuhusu kinywa cha mama mkwe. Zuhura akakaa chini. Bi Kidawa akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka kiti cha plastiki kikalia.

"Heshima! Loo! Mtoto analia jikoni kwa kuheshimiwa! Hayo hata kwetu Uzaramoni yapo, bibi mwenzangu, mama mkwe hali. Lakini wewe? Tangu lini bibi akamwonea haya mume wake?"

"Mie ni mama yake Zuhura."

Akaacha kucheka. Akasogeza kiti, akasema kwa sauti ya chini, si kwa ubaya:

"Nimekwisha nunua mkaja, uko sandukuni kwangu Temeke. Ukiwa wewe ndiye mama, niambie, nikufunge tumbo lipi? Na Hadija umemweka wapi?"

Mkaja, kwa nyie msiojua, ni ile nguo anayojifunga mama tumboni akishajifungua. Mwanamume anapooa, humpa mama wa msichana nguo hiyo, kulishukuru tumbo lililombeba mkewe. Anayepewa ni aliyezaa.

Mtu hajawahi kuniuliza swali hilo, wala mume wangu alipokuwa hai, wala wajomba kwenye vikao vyao. Nilitazama ile kofia ukutani mpaka nikaijua mistari yake yote. Harufu ya mahindi ilikuwa bado inatoka jikoni, ingawa nadhani hakuna aliyekuwa anageuza, maana ilianza kuwa ya kuungua. Hadija asingeiacha iungue.

Niliona kitu kimoja waziwazi. Miaka yote hiyo kiti cha Hadija nilikuwa nimekikalia mie. Nilikikalia kwa sababu mtoto alikuwa analia na alitakiwa mtu wa kukaa. Sijuti. Lakini mtoto amekua, anaolewa, na kiti kina mwenyewe.

Nikasimama. Nikachukua kikaango changu, kanga zikiburuzika. Zuhura akasema, "Mama, tunaondoka?" Sikumjibu. Nikaingia jikoni.

Idrisa alikuwa ameinamia beseni, anaosha mikono isiyokuwa na kitu. Nikasimama mlangoni, nikatoa sauti yote niliyobaki nayo:

"Wee mume wangu! Ndiyo tabia gani hiyo, mke mkubwa anatoka Handeni na mgongo unamuuma, wewe unamkimbilia jikoni? Na hivi vichapati vyembamba kama sikio la mbuzi, unataka nife njaa umchukue mke mdogo peke yake?"

Kijana akageuka. Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio inayokatakata. Nikatupa ushungi mabegani, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho mazuri. Ana kovu dogo kidevuni.

"Bibi..." akasema.

"Bibi yako yuko nje anamaliza nyama yangu. Mie nasema habari ya mke. Kunjua uso vizuri uniokee mkate unaofanana na mkate. Hapa, kwenye kikaango hiki. Na ukikivunja, nakuvunja."

Ndipo akacheka. Nyie, alicheka huku machozi yanamtoka, akaja akakipokea kikaango kwa mikono miwili, akaona lile pengo, akapitisha kidole juu yake bila kuuliza. Akakibandika kwenye mkaa. Akanionyesha unga wao: mahindi yanachemshwa na chokaa, yanaoshwa, yanasagwa yakiwa bado na maji. Nikamwuliza kama ni chokaa hii ya kupaka ukuta. Akasema ni chokaa ya kula, inatoa ganda. Nikamwambia mama yangu alichemsha kwa maji ya majivu, ganda likatoka vilevile, na hakuchora kofia ukutani. Akachukua donge, akalitandaza kwa viganja kama nilivyomwelekeza, nene kidogo, akaliweka. Likatoa sauti ile. Akageuza kwa ncha za vidole. Akajipuliza vidole.

Nikageuka nikatazama dirisha kidogo. Moshi ulikuwa mwingi.

Nilikula palepale jikoni, nimesimama, mbele yake. Nilijaza nyama, maharage, parachichi, kachumbari, nikafungua kinywa chote, mchuzi ukashuka mpaka kwenye kiwiko. Ni kitamu. Pilipili yao haina hasira kama yetu. Kisha nikamnyang'anya mkate wake kwenye sahani, maana ndiyo desturi. Akasema, "Mke wangu, utaniua na njaa." Nikasema, "Hiyo ndiyo nia."

Zuhura alikuwa mlangoni. Alitabasamu kwa ajili ya Idrisa. Kisha akanitazama mie, na tabasamu likapungua. Alielewa. Mtoto niliyemlea si mjinga.

Temeke

Bi Kidawa hakukubali nirudi Tegeta siku hiyo. Tukapanda daladala, kisha basi la mwendokasi, akaniombea kiti kwa kijana mmoja kwa maneno ambayo siandiki. Nilikaa kwake siku chache. Nyumba ya vyumba vingi na wapangaji wengi, uani kuna bomba, na mtaa wa pili kuna harusi, singeli inapigwa mpaka masufuria yanatetema. Asubuhi tulikaa barazani na maandazi na mbaazi za nazi.

Naye alimlea Idrisa. Mama yake mtoto yuko hai, alikwenda zake Muscat kufanya kazi za ndani, anapiga simu Ijumaa. Nikamwuliza kama Idrisa amewahi kumwita mama.

"Alijaribu," akasema. "Nikamwambia mama yako ndiye huyo wa Ijumaa. Akalia, nami nikalia chooni. Lakini akipiga simu ile, mtoto anajua anazungumza na nani."

Akafungua sanduku akanionyesha ule mkaja. Kanga nzuri, nzito, nyekundu na nyeusi. Nikaishika, nikaikunja, nikamrudishia.

Kurudi

Zuhura alinisindikiza kituoni. Kikaango nilimwachia yeye, si Idrisa. Idrisa ana vya chuma vya kutosha. Basi lilipowashwa akanishika mkono dirishani. "Safari njema, mama." Nilikuwa nimepanga kumwambia palepale. Nikamwambia akapeleke kitasa kwa fundi.

Njiani hatukuharibikiwa. Mapaja yangu yalikuwa matupu, sikujua mikono niiweke wapi. Pale Msata mama lishe alinitambua dirishani akapiga kelele, "Mtoto yuko wapi leo?" Nikamjibu, "Ameolewa!" Akabaki ameshika kiuno.

Nilipofika nyumbani nilioga, nikaswali, kisha nikawaita wote sebuleni: Shabani, mkewe, na watoto. Shabani akauliza, "Mama, ni ndiyo au ni hapana?" Nami nikatoa amri, na nataka kila anayesoma hapa aijue, asije siku hiyo akajifanya hakuambiwa:

"Posa ije. Mkaja ukiletwa, asiniletee mtu mie. Mtaupeleka zahanati, mtamtafuta mama aliyejifungua asiye na nguo ya kujifunga, mtampa, na mtamwambia umetoka kwa Hadija. Zuhura akipiga simu jioni hii, atakayepokea amwambie, bibi yako amefika salama. Bibi, mmesikia? Na siku ya harusi sitaki kiti cha mbele. Nitandikieni mkeka mlangoni pa chumba cha bibi harusi. Yule mume wangu hapiti bure."